Sifuri ya Kituo cha Tisa

Walinipa kalamu, koti la manjano
na fomu mia mbili zenye visanduku:
umetoka wapi, unakwenda wapi, kwa sababu gani.
Weka alama. Asante. Anayefuata.

Hakukuwa na anayefuata.
Siku tatu nilisimama Kituo cha Tisa,
kilima cha Las Tórtolas, Valparaíso,
tangu saa moja asubuhi hadi saa nne,
mvua ya Juni ikinichuruzika mgongoni,
mimi na mbwa mmoja wa rangi ya majivu
ambaye hakuwa na safari.
Basi lilipita bila kupunguza mwendo,
limeshiba, vioo vimefunikwa na pumzi.
Nikaandika: abiria, sifuri.
Kesho yake: sifuri.

Ofisini sifuri ilipendeza. Sifuri haibishi.
Mhandisi Iturriaga aliizungushia wino mwekundu,
duara juu ya duara,
akaandika pembeni: hakihitajiki, kifutwe.

Siku ya nne saa yangu ilinidanganya.
Nilifika saa kumi na moja na nusu, giza totoro,
nikasikia viatu.

Walitoka milangoni mmoja mmoja,
wakakipita kituo kama mtu apitavyo
nyumba ya mdeni aliyekwisha kumsamehe,
wakashika ngazi. Za kupanda.
Nikawakimbilia na kalamu yangu: mnakwenda wapi?
Chini, wakasema. Bandarini. Sokoni. Hospitali.
Chini! Nao wanapanda.

Doña Eduvigis Oyarzo, afuaye shuka za hoteli,
alinijibu bila kusimama,
maana anayesimama ngazini hapati kiti:
"Likifika hapa limejaa, mwanangu.
Basi sisi tunalifuata linakozaliwa."

Ngazi mia mbili na kumi na nne. Nilizihesabu,
nikapotea kwenye mia na kitu,
nikaanza upya siku iliyofuata.
Huko juu niliketi kando yake. Basi likashuka nasi,
likakipita Kituo cha Tisa,
naye akafuta ukungu wa kioo kwa kiganja
akautazama mlango wake mwenyewe
ukimpita.

Asiye machoni na moyoni hayumo,
wala jedwalini.
Nani atamwandika Belarmino Cheuque?
Goti lake limegoma. Hapandi, kwa hiyo hashuki,
kwa hiyo kliniki imeisahau sura yake.
Fomu yangu inauliza kwa nini unasafiri.
Haina kisanduku cha kwa nini umeacha.

Nilikichora kwa mkono. Kikapinda.

Iturriaga alikuja na viatu vya ofisini.
Alianza ngazi akizungumza habari za wastani;
kwenye ya tisini akanyamaza,
kwenye ya mia na thelathini akashika ukuta wa mabati,
na mama mmoja mwenye mtoto begani
akaomba apishwe, anachelewa.
Sikumcheka. Nilicheka kidogo.

Agosti wametupa basi moja
linaloanzia Kituo cha Tisa, tupu, taa zinawaka,
kwa majaribio ya wiki sita.
Asubuhi ya kwanza watu walilipita.
Dereva alipiga honi; wakadhani anamwita mwingine.
Doña Eduvigis peke yake ndiye aliyesita,
mkoba kifuani,
mguu mmoja kwenye lami,
wa pili bado kwenye ngazi ya kwanza,
akinitazama mimi, si basi,
kama anayejua sahihi ya nani
iko chini ya ile sifuri.